Giuseppina Strepponi: Sauti Iliyonyamaza Mapema

Tarehe 29 Agosti 1859, gari la farasi lilisimama mbele ya kanisa la kijiji cha Collonges-sous-Salève, katika nchi ya Savoia, karibu na Geneva. Walishuka mwanamume wa miaka 45 na mwanamke wa miaka 43. Hawakuwa na wasimamizi, wala ndugu, wala kwaya. Padre aliyetoka Geneva kuja kuwafungisha ndoa, Gaspard Mermillod, alimwomba paroko wa pale atoke kidogo akatembee, kisha akaipokea ahadi yao mwenyewe. Mashahidi walikuwa wawili: mwendesha gari aliyewaleta na mpiga kengele wa kanisa. Baada ya hapo maharusi wakapanda tena gari, wakaondoka.

Mafrateri waliokwisha kugusa somo la sheria za Kanisa watatabasamu hapa. Tangu mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ulidai paroko, au padre mwingine mwenye ruhusa, pamoja na mashahidi wawili au watatu. Haukuuliza kama mashahidi hao ni watu wenye vyeo. Mpiga kengele alitosha kabisa. Padre Mermillod naye baadaye akawa askofu, na mwaka 1890 akafanywa kardinali.

Bwana harusi alikuwa Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera aliyesifika kuliko wote Italia wakati ule. Bibi harusi alikuwa Giuseppina Strepponi. Miaka ishirini nyuma, jina lake ndilo lililojaza majumba ya opera, na Verdi alikuwa kijana asiyejulikana. Walikuwa wamekwisha kuishi pamoja kwa muda wa miaka kama kumi na miwili bila ndoa. Walimu wetu wa kwaya wanamfahamu Verdi vizuri. Huyu mama hafahamiki sana, na anapotajwa hutajwa kama mke wa fulani. Hebu tumtazame yeye.

Alizaliwa Lodi, kaskazini mwa Italia, tarehe 8 Septemba 1815, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria. Baba yake, Feliciano Strepponi, alikuwa mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Monza, na alitunga pia opera chache. Ni yeye aliyemfundisha binti yake muziki, na alipokuwa mkubwa kidogo akampeleka chuo cha muziki cha Milano. Mwaka 1832 Feliciano alifariki akiwa bado kijana, akaacha mjane na watoto wasio na kitu. Giuseppina alikuwa na miaka 16, naye ndiye mkubwa. Chuo kilimruhusu aendelee bila kulipa, na mwaka 1834 akamaliza na zawadi ya kwanza ya uimbaji. Mwezi Desemba mwaka huohuo alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika mji mdogo wa Adria. Mwaka uliofuata alishangiliwa Trieste, kisha akaimba Vienna. Kutoka hapo mama yake na wadogo zake waliishi kwa sauti yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona opera: ni mchezo wa jukwaani ambao karibu maneno yote huimbwa. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anasimama mbele ya okestra nzima, bila kipaza sauti, na lazima mtu wa kiti cha mwisho kabisa amsikie. Usiku mmoja wa kazi hiyo unachosha mwili wote. Leo mwimbaji mwenye busara hupumzika siku mbili tatu kabla ya kuimba tena. Giuseppina aliimba mara tano, hata sita, kwa juma. Mikataba ilikuwa migumu, wenye majumba ya opera walitaka faida, na nyumbani kulikuwa na midomo ya kulisha.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu mwingi wa zamani uliruka kimyakimya. Giuseppina hakuwa ameolewa, lakini alizaa. Camillo alizaliwa Januari 1838. Binti, Giuseppa Faustina, alizaliwa Februari 1839. Adelina alizaliwa Novemba 1841. Hakuna mwanamume aliyesimama hadharani akamwoa. Tumbo lilifichwa chini ya mavazi ya jukwaani, na aliimba mpaka karibu kabisa na siku ya kujifungua, kisha akarudi kazini mapema mno. Mwimbaji aliyeugua hakulipwa. Na mwimbaji aliyejulikana ana mimba bila mume alihatarisha jina lake, na pamoja na jina, mkate wa mama yake.

Camillo alikabidhiwa mlezi huko Florence. Binti aliyefuata alipelekwa katika nyumba ya watoto walioachwa ya mji huohuo, Ospedale degli Innocenti, yaani hospitali ya watoto wasio na hatia, iliyofunguliwa mwaka 1445. Ukutani palikuwa na mahali pa kumweka mtoto usiku bila aliyemleta kuonekana uso. Maelfu ya watoto walipita pale, wa maskini na wa wenye mali. Baadaye binti huyo alilelewa na watu wengine, na mama yake hakuwa sehemu ya maisha yake. Adelina aliachwa kwa walezi Trieste, akafariki mwaka 1842 kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Nimesoma waandishi wanaomtetea Giuseppina kwa jambo hili hadi linaonekana si kitu, na wengine wanaomhukumu kana kwamba hao watoto aliwapata peke yake. Mimi naona pande zote mbili zinawasahau watoto. Giuseppa Faustina alikuwa mtu, alibatizwa, alikuwa na jina. Kwa upande mwingine, jamii iliyomwajiri mama yake na kumshangilia haikumwachia mlango wowote wa kutoka naye akiwa amembeba mgongoni.

Katikati ya miaka hiyo ndipo alipokutana na Verdi. Mwaka 1839 alikuwa miongoni mwa walioisemea vizuri opera ya kwanza ya kijana huyo, Oberto, katika jumba la La Scala la Milano. Katika miaka hiyohiyo Verdi alipatwa na msiba juu ya msiba. Kati ya Agosti 1838 na Juni 1840 alizika watoto wake wawili na mkewe, Margherita Barezzi. Alikaribia kuacha muziki. Alipopata nguvu ya kuandika tena, aliandika Nabucco, hadithi ya Mfalme Nebukadneza na Wayahudi waliochukuliwa utumwani Babeli. Giuseppina aliupitia muziki huo, akaupenda, akakubali kuimba nafasi ya Abigaille. Adelina alikuwa na wiki chache tu.

Nafasi ya Abigaille huogopwa na waimbaji hata leo. Sauti hupanda juu kabisa na kuanguka chini kabisa bila kupumzika. Opera ilifunguliwa tarehe 9 Machi 1842 na watu wakaishangilia mno, lakini si kwa ajili ya Giuseppina. Sauti yake ilikuwa imechoka, na wote waliokuwepo walisikia. Mwezi huohuo madaktari waliompima walimwonya kwamba asipoacha kuimba atamalizikia kwenye kifua kikuu. Nabucco iliimbwa mara 8 msimu ule. Ilipofika vuli ilirudishwa na kuimbwa mara 57, mwimbaji mwingine akiwa mahali pake. Alikuwa na miaka 27.

Alijikokota miaka mingine minne. Msimu wake wa Palermo ulikwenda vibaya, hadhira ikamzomea. Mwanzoni mwa mwaka 1846 aliimba kwa mara ya mwisho huko Modena, katika Nabucco hiyohiyo, na mwezi Oktoba akahamia Paris kufundisha uimbaji. Kazi iliyompa jina ilikuwa imedumu miaka isiyozidi kumi na miwili. Alikuwa amebakiza miaka hamsini na moja ya kuishi.

Verdi alifika Paris mwaka 1847 kwa kazi, na akakawia. Huo ndio mwanzo wa maisha yao ya pamoja. Alikuwa anaandika opera ya Jérusalem, na katika karatasi zake za asili, mahali ambapo wapendanao wawili wanaimbiana, maneno yameandikwa kwa mwandiko wa watu wawili wakipokezana: mmoja wa Verdi, mwingine wa Giuseppina. Wataalamu waliligundua hilo miaka mingi baada ya wote wawili kuzikwa.

Paris hakuna aliyejali. Taabu ilianza mwaka 1849 walipohamia Busseto, mji mdogo ambako Verdi alikulia. Kila mtu pale alimjua Verdi tangu utoto. Wengi walikuwa wamempenda Margherita. Na mzee Antonio Barezzi, baba yake Margherita, mfanyabiashara aliyemsomesha Verdi kwa fedha yake, aliishi mtaa uleule. Sasa Verdi anarudi na mwimbaji wa jukwaani asiye mkewe! Watu walikataa kumsalimia Giuseppina njiani. Inasimuliwa kwamba hata kanisani benchi alilokaa lilibaki tupu.

Tusijifanye hatuwaelewi watu wa Busseto. Kukaa bila ndoa kulikuwa kosa, na kizuizi cha kuoana hakikuwepo, kwa kuwa mmoja alikuwa mjane na mwingine hakuwahi kuolewa. Lakini ukali wote ulimwangukia mmoja. Verdi alisalimiwa kwa heshima na kuombwa misaada. Aliyepita bila salamu ni mwanamke. Kila mwenye uzoefu wa parokia anajua jambo hilo halikuishia Busseto.

Mwaka 1851 walihama wakaenda kukaa shambani Sant'Agata, nje ya mji. Barezzi, akiwa ameumizwa na maneno ya watu, alimwandikia Verdi kumlaumu. Verdi alijibu Januari 1852 kutoka Paris. Barua hiyo ipo mpaka leo. Aliandika kwa adabu ya mtoto kwa baba, lakini bila kurudi nyuma. Alieleza kwamba katika nyumba yake anaishi mwanamke huru anayependa upweke kama yeye, kwamba hakuna kati yao anayepaswa kutoa hesabu kwa mtu, na kwamba mwanamke huyo anastahili heshima sawa na yeye mwenyewe, tena zaidi. Ni barua ya kishujaa, na ndivyo inavyosifiwa siku zote. Ila mimi huisoma na kujiuliza kwa nini mtu aliyeweza kuandika hayo alichukua miaka mingine saba kumpeleka mwanamke huyo mbele ya altare.

Machi 1853 ilitoka La traviata huko Venice, opera ya mwanamke mwenye sifa mbaya ambaye baba wa mpenzi wake anamtaka ajitenge. Wengi hupenda kusema ni maisha ya Giuseppina yaliyowekwa jukwaani. Kuna harufu ya ukweli, maana Verdi aliiandika katikati ya masengenyo hayo. Lakini mwanamke wa opera ile aliishi kwa fedha za wanaume. Giuseppina aliishi kwa koo lake, na akawalisha wengine kwa hilo.

Aliyebadilika kabisa ni mzee Barezzi. Alipozidi kumfahamu Giuseppina, hasira ikayeyuka. Akawa anakuja Sant'Agata, naye akampokea kama baba. Mzee aliyempoteza binti alimpata mwingine katika nyumba ileile ya mkwewe. Julai 1867 alipokuwa anakata roho, Verdi na Giuseppina walikuwa kando ya kitanda chake. Inasimuliwa kwamba alitazama piano, na Verdi, akiyaelewa macho yale, akampigia kwaya ya watumwa wa Kiebrania kutoka Nabucco.

Maisha ya Sant'Agata hayakuwa ya raha tupu. Verdi alikuwa mtu wa hasira, hasa chakula kikichelewa au wafanyakazi wakikosea. Giuseppina alisimamia nyumba, akajibu barua, akafasiri Kifaransa, na kuweka madaftari ya nakala za barua zake ambayo ndiyo yanayotupatia habari zake nyingi. Walipojiandaa kwenda Urusi kwa ajili ya opera ya La forza del destino, yeye ndiye aliyeagiza shehena ya chakula: mchele, tambi, jibini, nyama za kukaushwa, na chupa mia moja ndogo za mvinyo wa Bordeaux kwa matumizi ya kila siku. Alijua mumewe akikosa tambi hakuna muziki utakaoandikwa.

Watoto wao wenyewe hawakupata. Mwanawe Camillo, ambaye alikuwa amemgharimia malezi, alifariki mwaka 1863 akiwa na miaka 25. Miaka minne baadaye, baba yake Verdi alipofariki, nyumbani kwake alikuwapo msichana mdogo wa ukoo, Filomena, ambaye mzee alikuwa akimlea. Verdi na Giuseppina walimchukua, wakampa jina la Maria na kumfanya mtoto wao kwa sheria. Giuseppina alimfundisha, akamsomesha, na mwaka 1878 akamwoza. Wajukuu wa Maria ndio walioendelea kuishi katika nyumba ile.

Tendo lake ninalolipenda kuliko yote ni la Mei 1867. Verdi alimheshimu mwandishi Mkatoliki Alessandro Manzoni karibu kama mtakatifu, tangu alipokisoma kitabu chake akiwa kijana. Lakini hakuwahi kumwendea, aliona haya. Giuseppina alikwenda Milano kwa kisingizio cha kununua samani, akamtembelea rafiki wa zamani wa Verdi, Clara Maffei, na kwa msaada wake akafika hadi kwa Manzoni. Aliporudi, Verdi alimpokea kituoni. Ndani ya gari la farasi, njiani kwenda nyumbani, akamweleza kama jambo dogo tu kwamba amemwona Manzoni. Aliandika baadaye jinsi mumewe alivyogeuka rangi na kutokwa jasho. Mwaka uliofuata Verdi alikutana na mzee huyo. Manzoni alipofariki, Verdi alitunga Misa ya Marehemu, ikaimbwa katika kanisa la Mtakatifu Marko, Milano, tarehe 22 Mei 1874.

Aliyeimba sauti ya kwanza siku hiyo alikuwa Teresa Stolz, na hapo palikuwa na mwiba. Stolz alikuwa na sauti kubwa na safi, ndiye aliyeimba Aida pale La Scala mwaka 1872, na Verdi alivutwa naye waziwazi. Mwaka 1875 gazeti moja la Florence liliyamwaga masengenyo hayo hadharani. Giuseppina, akikaribia miaka 60, alimtazama mumewe akimfurahia mwimbaji mwenye kile ambacho yeye alikipoteza akiwa na miaka 26. Katika madaftari yake yamo maneno ya mwaka 1876 aliyomwandikia mumewe, ya uchungu lakini ya upole, akimtaka atambue anachomfanyia. Hakumfukuza Stolz wala hakuondoka. Dhoruba ilipopita, Stolz alibaki rafiki wa nyumba, akija Sant'Agata mwaka hata mwaka, na wanawake hao wawili wakaandikiana barua za mapenzi ya kweli. Sidhani ilikuwa rahisi.

Kadiri alivyozeeka, imani yake ilizidi kutulia. Kilichomwumiza ni kwamba Verdi hakuamini, au hakuweza kusema anaamini. Aliwaandikia marafiki kuhusu jambo hilo kwa mshangao: mtu mwenye haki na huruma kuliko waamini wengi, na bado akizungumziwa mbingu anacheka. Hakumhubiria sana. Alisali. Mwaka 1888 Verdi alifungua hospitali Villanova kwa ajili ya maskini wa mashamba yale, kisha akajenga Milano nyumba ya kuwatunza wanamuziki wazee wasio na kitu, watu wa aina ya wale ambao Giuseppina angeweza kuwa mmoja wao, kama mambo yangekwenda vingine baada ya Palermo.

Alifariki Sant'Agata kwa nimonia tarehe 14 Novemba 1897, akiwa na miaka 82. Katika wosia wake aliwakumbuka maskini wa kijiji, na akamwaga mumewe akimwomba Mungu aziunganishe tena roho zao mbinguni, kama zilivyounganishwa hapa duniani.

Verdi alimfuata tarehe 27 Januari 1901. Kwa mazishi yake aliagiza mapadre wawili, mishumaa miwili na msalaba mmoja, basi. Lakini mwezi uliofuata majeneza yote mawili yalitolewa makaburini yakahamishiwa katika ile nyumba ya wanamuziki wazee. Barabara za Milano zilijaa umati mkubwa. Arturo Toscanini aliongoza waimbaji zaidi ya 800, na wimbo waliouimba ulikuwa ile kwaya ya watumwa wa Kiebrania kutoka Nabucco. Miaka 59 nyuma, ilipoimbwa hadharani kwa mara ya kwanza katika mji uleule, Giuseppina alikuwa nyuma ya mapazia ya La Scala, mgonjwa, akingoja zamu yake.